Kucha na Kitanzi: Kinachoituliza Picha Ukutani

Inafaa kusisitizwa kwamba katika projekta ya nyumbani ya Super 8, aina ya filamu iliyoingizwa sokoni na Kodak mwaka 1965, ukanda haupiti mbele ya taa mfululizo, bali huenda na kusimama mara 18 kwa sekunde, kwa kuwa picha inayomulikwa huku ikisogea ingeonekana ukutani kama ukungu tu. Kazi hiyo hufanywa na kucha, yaani kijino cha chuma kinachoingia katika tundu la pembeni mwa ukanda, kikauvuta chini kwa zaidi kidogo ya milimita 4, ambao ndio urefu wa hatua ya picha moja, kisha kikajitoa na kurudi juu, huku ukanda ukiwa umetulia langoni, katika dirisha dogo lililo kati ya taa na lenzi, ukibanwa na bamba lenye springi. Kucha inapovuta, panga la kisahani kinachozunguka huziba mwanga. Na kisahani hicho kikiwa na mapanga matatu, kila picha humulikwa mara tatu, hivyo jicho hupokea mimuliko 54 kwa sekunde wala halioni kupepesa. Rili, yaani gurudumu linalobeba ukanda, hata hivyo, huzunguka bila kusimama, na ndiyo maana juu na chini ya lango huachwa kitanzi, yaani ulegevu wa ukanda unaopatanisha mienendo hiyo miwili. Kitanzi kikipotea, picha huanza kurukaruka, na dawa yake ni kukirudisha, si kuchezea lenzi.