Timu ya Mji wa Karatasi

Mfanyakazi wa mjini hahitaji kuelezwa timu ya kiwanda ni kitu gani. Anaijua vema. Wachezaji wake ni watu wa zamu, jezi zimenunuliwa na kampuni, na timu ikishinda Jumapili, kazi ya Jumatatu huwa nyepesi. Lakini liko swali moja ambalo hatuna desturi ya kuliuliza: je, timu hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye kiwanda anayetoa fedha, au ni ya wale wanaoishangilia? Leo tulitafute jibu mbali kidogo, katika nchi ya Ufini, kule kaskazini mwa Ulaya ambako theluji hufunika viwanja miezi mingi ya mwaka.

Kusini mwa nchi hiyo, jirani na mji mkubwa wa Tampere, upo mji mdogo uitwao Valkeakoski. Maana ya jina hilo ni Maporomoko Meupe. Nguvu za maporomoko hayo ndizo zilizoleta viwanda, na tangu miaka ya 1870 mji umeishi kwa kutengeneza karatasi. Wakazi wake ni kama 20,000 tu. Hata hivyo, timu yao ya kandanda, Haka, iliyoanzishwa mwaka 1934, imetwaa ubingwa wa Ufini mara tisa na Kombe la nchi hiyo mara kumi na mbili. Kombe hilo liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza kabisa, mwaka 1955, aliyelichukua alikuwa Haka. Uwanja wao unaitwa Tehtaan kenttä, yaani Uwanja wa Kiwanda.

Jina hilo halikutungwa kwa mzaha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya karatasi iliyokuwa na makao Valkeakoski iliongozwa na Juuso Walden, mtoto wa Jenerali Rudolf Walden aliyeiasisi mwaka 1920. Juuso Walden alikuwa tajiri wa mtindo wa kale: alijiona baba wa mji, naye aliipenda michezo kwa moyo wote. Kijana hodari wa mpira aliweza kupata kazi katika kampuni, akawa na mshahara wa uhakika na nafasi ya kufanya mazoezi. Wahenga walisema mtegemea nundu haachi kunona, na Haka ilinona kweli. Ilichukua ubingwa mwaka 1960, 1962 na 1965, na mwaka huo wa 1960 ilibeba na Kombe pia. Kutoka humo alitokea Juhani Peltonen, mzaliwa wa mji huohuo, ambaye mwaka 1964 alikwenda kucheza Ujerumani katika timu ya Hamburg, wakati Wafini waliocheza kwa malipo nchi za nje walikuwa wachache mno.

Tusidharau mema hayo. Mji mdogo ulipata jambo la kujivunia mbele ya Helsinki na miji mingine mikubwa, na mtu wa mashine alimwona mwenzake wa zamu akivaa jezi ya taifa. Lakini mkono unaotoa ndio mkono unaoweza kukunjwa. Timu iliyozoea kulelewa na mtu mmoja haina budi kujiuliza: siku mlezi atakapoondoka, itasimama kwa miguu ya nani?

Walden alifariki dunia mwaka 1972. Miaka mitano baadaye, 1977, Haka ilichukua ubingwa na Kombe kwa pamoja. Kisha likaja jambo ambalo watu wa Valkeakoski hawalisahau. Katika msimu wa 1983 hadi 1984 timu yao ilifika robo fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ikapangiwa Juventus ya Italia, yenye Michel Platini na Paolo Rossi. Ilikuwa mwezi Machi, na Ufini yote ilikuwa chini ya theluji, hata mchezo wa nyumbani ukapelekwa Strasbourg, Ufaransa. Haka ilifungwa bao moja kwa bila huko, na bao moja kwa bila tena kule Turin. Juventus ilikwenda mbele ikalitwaa kombe lenyewe. Mabao mawili tu katika dakika 180, mbele ya mabingwa wajao: kwa mji wa watu 20,000 hilo halikuwa jambo la kuonea aibu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 1995 Haka ilikuwa bingwa. Mwaka 1996 ikateremka daraja. Mwaka huohuo kampuni ya karatasi iliunganishwa na nyingine kubwa, ikazaliwa UPM-Kymmene, yenye makao makuu Helsinki. Zama za tajiri anayeishi jirani na uwanja zilikuwa zimekwisha kabisa. Wapo waliodhani na timu imekwisha. La hasha! Mwaka 1997, ikiwa bado daraja la pili, ilichukua Kombe na kupanda tena. Ikifundishwa na Mwingereza Keith Armstrong, ikawa bingwa mwaka 1998, 1999 na 2000, mfululizo. Ubingwa wake wa tisa ulipatikana mwaka 2004. Mwaka 2012 iliteremka tena, ikakaa chini misimu saba, na mwaka 2020 ikarudi kucheza ligi kuu.

Ili kuupima ugumu huo, mtazame jirani. Myllykoski ni mji mwingine mdogo wa karatasi, na timu yake, MYPA, ilikuwa bingwa wa Ufini mwaka 2005. Mwishoni mwa mwaka 2011 kiwanda cha mji huo kilifungwa. Mapema mwaka 2015 MYPA ilijitoa katika ligi kuu kwa kukosa fedha, ikaanza upya madaraja ya chini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sasa tulirudie swali letu. Fedha za kampuni zaweza kununua jezi, mipira na hata wachezaji, na ni halali kuzipokea kwa shukrani. Lakini kampuni huuzwa, huunganishwa, hufungwa. Wanaobaki ni wakazi: wanaolipa kiingilio timu ikiwa daraja la chini na mvua inanyesha, wanaowafundisha watoto mpira jioni baada ya kazi, wanaokaa katika kamati bila posho. Timu ni ya hao. Basi wewe mfanyakazi ambaye kiwanda chako kina timu, usingoje siku ufadhili utakapokatika. Hudhuria mkutano wake, toa ada yako japo ndogo, na uulize hesabu ingali mapema.