Mwanafunzi ni shahidi, asifanywe hakimu

Kila muhula unapokaribia kuisha, vyuo vikuu vyetu vingi huwataka wanafunzi wawatathmini wahadhiri wao. Siku hizi zoezi hilo hufanyika zaidi mtandaoni. Mwanafunzi anafungua akaunti yake, anakuta orodha ya kozi alizosoma, na chini ya kila kozi msururu wa maswali: mhadhiri analimudu somo? Anafika kwa wakati? Anatoa mifano? Anakaribisha maswali? Kila swali linajibiwa kwa ngazi ya 1 hadi 5. Kwenye baadhi ya vyuo, asiyejaza hafunguliwi matokeo yake, na hapo si vigumu kukisia zoezi linavyokwenda. Mtu mwenye kozi sita, ambaye shida yake usiku ule ni kujua tu kama ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, anabofya 4 kutoka juu hadi chini, kozi ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na ile ambayo mhadhiri wake alionekana darasani kwa kubahatisha. Baada ya hapo majibu yanajumlishwa, unapigwa wastani, mhadhiri anaambiwa amepata 3.9, na mwanafunzi hasikii tena habari hiyo mpaka muhula ujao atakapotakiwa kubofya upya.

Kasoro ya utaratibu huu haimo katika kumwuliza mwanafunzi. Imo katika tunachomwuliza na wakati tunaomwuliza. Tunamtaka atoe hukumu juu ya jambo ambalo hana vipimo vyake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje kama profesa wake analimudu somo, wakati yeye mwenyewe ndiyo kwanza analianza? Wakati huohuo yapo mambo ambayo hakuna mtu mwingine chuoni anayeyajua kama yeye, si mkuu wa idara, si Amidi, wala si Makamu Mkuu wa Chuo. Ni yeye anayejua kama kipindi cha Jumatatu saa moja asubuhi kilifanyika. Anajua kama testi ya kwanza ilirudishwa kabla ya ya pili kufanywa, na kama ilirudi na maelezo au na namba tupu iliyozungushiwa duara. Anajua kama semina ilikuwa semina kweli, au wenzake walikuwa wakisoma prezentesheni kwenye simu huku msimamizi akisahihisha karatasi za kozi nyingine. Katika mambo hayo mwanafunzi ni shahidi aliyekuwepo, na shahidi huulizwa alichokiona.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya jinsi alama zinavyopatikana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, alama 40 kati ya 100 za kozi hutokana na kazi za muhula na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, ule ambao wanafunzi wanauita UE. Alama hizo 40 zipo ili mtu ajifunze kutokana na makosa yake kabla ya mtihani mkubwa. Karatasi za testi zikikaa kabatini mpaka wiki ya UE, alama zitaandikwa kama kawaida na hesabu itatimia, lakini kujifunza kulikokusudiwa hakukutokea, na hakuna fomu ya wastani wa 3.9 itakayolionyesha hilo. Mwanafunzi anayeingia UE bila kujua alikosea wapi anakimbilia alichonacho, yaani madesa ya waliomtangulia na mitihani ya miaka iliyopita. Kisha tunamlaumu kwa kukariri.

Wapo wanaozikataa kabisa tathmini za wanafunzi, na wana ushahidi wa kutosha ambao si haki kuupita kimyakimya. Utafiti uliofanywa katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa na kutatua maswali wenyewe walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri, ila wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Ugumu wa kufikiri waliuhesabu kuwa udhaifu wa ufundishaji. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliotumia takwimu za chuo kimoja cha Ufaransa, ulikuta wanafunzi wa kiume wakiwapa wahadhiri wanaume alama za juu kuliko wanawake, ilhali waliofundishwa na wanaume hao hawakufanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho. Huko Toronto, Kanada, mwaka 2018 msuluhishi wa mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson na wahadhiri wake aliamua kwamba wastani wa tathmini za wanafunzi usitumike kupima ubora wa ufundishaji wa mtu anapotafuta kupandishwa cheo. Mhadhiri wa Mlimani au wa Dodoma anayeogopa kwamba ukali wake katika kusahihisha utamponza kwenye fomu hazui jambo.

Kuna jaribio moja linaloelekea kuibomoa hata hoja yangu. Katika kozi ya mtandaoni huko Marekani, wasaidizi wawili wa kufundisha, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa utambulisho wake na kundi jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata alama za juu zaidi hata kwenye swali la kurudisha kazi kwa wakati, na kazi zile zilikuwa zimerudishwa kwa muda uleule. Msomaji ataniuliza: shahidi gani huyu anayeona kinyume? Swali ni la haki. Lakini angalia namna walivyoulizwa. Hawakuulizwa kazi ilirudi lini. Waliulizwa, kwa ngazi ya 1 hadi 5, mwalimu ni mwepesi kiasi gani wa kurudisha kazi. Ukiomba daraja umeomba maoni, na maoni hubeba mapendeleo ya mwenye kuyatoa. Ukiomba tarehe, idadi ya vipindi vilivyofanyika na idadi ya testi zilizorudishwa, unapata kitu kinachoweza kulinganishwa na majibu ya watu wengine themanini wa darasa lilelile. Wakisema themanini kwamba vipindi vinne havikufanyika, chuki ya mmoja au mahaba ya mwingine hayabadilishi kitu. Kwa hiyo jaribio lile linaibomoa fomu tuliyonayo, na mimi sina haja ya kuitetea.

Dhana kwamba wanafunzi hawana la kusema kuhusu taaluma haina hata asili Mlimani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mjadala wa nini kifundishwe na kwa ajili ya nani ulikuwa pia wa wanafunzi, na somo la Stadi za Maendeleo, ambalo wengi leo wanalisoma kwa sababu ni la lazima, chimbuko lake ni mabishano ya kipindi kile. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akipinga maamuzi kufanywa bila wanafunzi kushirikishwa. Akafukuzwa, na wenzake wakagoma. Sikumbushi hayo ili kuwasifu wanafunzi wa zamani na kuwasimanga wa leo. Wale walikuwa wachache mno, wakiishi na kusoma pamoja juu ya kilima kimoja. Wa leo ni maelfu kwa maelfu, wengi wamepanga vyumba mitaani, na kinachowashughulisha mwanzoni mwa muhula ni kama boom, yaani fedha za mkopo, limeingia. Kadiri chuo kinavyokua, ndivyo sauti ya mmoja mmoja inavyohitaji njia iliyopangwa. Serikali ya wanafunzi peke yake haitoshi. DARUSO, yaani serikali ya wanafunzi wa Mlimani, na wenzao kwingine hutumia nguvu nyingi kwenye mikopo, malazi na uchaguzi, na hayo ni mambo mazito. Lakini kozi yenye watu arobaini ambayo haijafundishwa kwa wiki tatu haiwezi kusubiri kikao cha wabunge wa wanafunzi.

Lugha nayo inaibana tathmini. Fomu nyingi ni za Kiingereza, na sehemu ya maoni pale chini huachwa tupu au huandikwa neno moja la adabu. Wanafunzi haohao wakitoka darasani wanaichambua kozi nzima kwa Kiswahili, kwa undani na kwa haki, wakitenganisha mhadhiri mgumu na mhadhiri mbovu. Kuruhusu maoni yaandikwe kwa Kiswahili hakuhitaji sera mpya ya lugha ya kufundishia. Anayesoma majibu ni Mtanzania mwenzao.

Wahadhiri watasema wana mzigo tayari, na ni kweli. Mtu mmoja anayefundisha mamia ya wanafunzi, anayesahihisha testi mbili za kila mmoja wao na anayetakiwa kuchapisha makala ili apande cheo, hawezi kurudisha karatasi ndani ya wiki mbili hata akikesha. Ushahidi wa wanafunzi, ukikusanywa kama nilivyosema, utamsaidia huyu kuliko kumdhuru. Wastani wa 2.8 humlaumu yeye peke yake. Lakini taarifa kwamba kozi ina wanafunzi mia nne, kipaza sauti hakifanyi kazi, hakuna mhadhiri msaidizi na testi ilirudi wiki ya kumi, inaelekeza swali kwa idara na kwa menejimenti, na hata kwa Hazina. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 425 mwaka 2021, ulipangwa kujenga majengo na kuhuisha mitaala katika vyuo vya umma. Mtaala mpya ukiangukia darasa la aina hiyo utafundishwa kama ule wa zamani, na wa kwanza kuligundua hilo atakuwa aliyekaa kiti cha nyuma.

Hofu ndiyo kizuizi kigumu zaidi. Katika darasa la watu kumi na wawili, mhadhiri hutambua mwandiko wa fikra za kila mtu hata jina lisipoandikwa, na kuna somo lake jingine mwaka ujao. Ndiyo maana maoni ya maneno yanapaswa kupokelewa na mtu aliye nje ya idara, ayafanyie muhtasari kabla hayajamfikia mhusika, na yamfikie baada ya matokeo kufungwa pale ambapo darasa ni dogo. Yako pia mambo ambayo hayafai kuwekwa kwenye fomu ya tathmini hata kidogo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU yenyewe imekwisha kuifanyia utafiti katika vyuo vikuu. Chuo kinachomwachia binti aliyetishiwa kufelishwa nafasi ya kusema kwenye kisanduku cha “maoni mengine” kimemtupa. Anahitaji mlango wake, wenye watu waliofundishwa kazi hiyo, na tathmini ya kozi isitumike kama kisingizio kwamba mlango huo upo.

Kinachobaki ni wakati. Tathmini ya mwisho wa muhula humsaidia mwanafunzi atakayekuja na kumwacha aliyejaza. Ifanywe wiki ya tano au ya sita, iwe na maswali yasiyozidi manane, mengi ya tarehe na idadi, na isifungamanishwe na matokeo wala kupanda cheo. Mwakilishi wa darasa (CR) akabidhiwe muhtasari wa majibu, mhadhiri atumie dakika kumi za kipindi kimoja kueleza lipi litarekebishwa na lipi haliwezekani na kwa nini, na mkuu wa idara abandike ubaoni ukurasa mmoja wenye sahihi yake: vipindi vilivyopangwa, vilivyofanyika, testi zilizorudishwa na tarehe zake. Idara yoyote inaweza kuanza na kozi za mwaka wa kwanza bila kusubiri Seneti, kwa kuwa hakuna kanuni inayobadilishwa, na ukurasa huo hauzidi gharama ya karatasi na pini nne.