Nabothi na jogoo wa mnada

Katika usharika wetu wa Kilutheri huku Kilimanjaro, Jumapili ya mavuno watu hawatawanyiki ibada ikiisha. Mikungu ya ndizi, trei za mayai, maboga na jogoo aliyefungwa miguu hupangwa nje ya kanisa, na mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wenzake huanza kunadi. Jogoo wa mwaka huu alianzia elfu kumi, akapanda hadi elfu arobaini, fedha ambayo sokoni ungerudi na wawili. Aliyemnunua akasema anadiwe tena. Aliuzwa mara tatu kabla ya kumpata wa kwenda naye nyumbani. Jirani yangu aliinamia viatu vyake kila dalali alipomtupia macho, na hakuna aliyemsema.

Kuinamia viatu kule ndiko ninakotaka kukutetea.

Sisi tuliosoma enzi za Ujamaa tulikaririshwa kwamba ubepari ni unyama, na Mkristo anayeisoma Biblia yake hakosi pa kuunga mkono. Manabii waliwakemea waliochezea mizani. Waumini wa kwanza pale Yerusalemu waliuza mashamba wakagawana. Basi Mkristo atasimamaje upande wa soko huria na bunge la kuchaguliwa bila kuona haya?

Wapo wanaojibu kwa injili ya mafanikio: Mungu anataka uendeshe gari jipya. Hiyo naiacha. Jibu langu linaanzia kwenye fundisho ambalo halijazi viti kanisani, la dhambi. Ukiamini kwamba kila binadamu ameanguka, basi mwenye kiwanda ameanguka, na katibu kata ameanguka, na mtaalamu anayepanga uchumi wa taifa naye ameanguka. Hakuna hata mmoja wao wa kuachiwa ufunguo wa ghala peke yake.

Mfano wake ni Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, lililopakana na ikulu, alifanye bustani ya mboga. Tunasahau kwamba Ahabu alianza vizuri tu: alikuwa tayari kulipa fedha, au kutoa shamba jingine bora zaidi. Hadi hapo ni biashara halali. Nabothi akakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mfalme akaenda kujilaza, akageukia upande, akasusa chakula kama mtoto. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mumewe, na wazee wa mji wakaitisha kikao, wakaweka mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Kila nikiisoma habari hii huwatazama wale wazee kuliko Yezebeli. Shamba lilikuwa la Nabothi kihalali kabisa, lakini waliopaswa kumsemea waliogopa barua.

Hapo ndipo soko na kura vinapokutana: vyote viwili vinampa mtu mdogo nafasi ya kusema hapana na kesho yake akaamka salama.

Historia yetu inalionyesha hilo kuliko vitabu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kweli, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoka kwa mtu aliyeumia kwa ajili ya maskini. Mwaka 1970, akihutubia masista wa Maryknoll kule New York, alilitaka Kanisa lisimame na wanyonge dhidi ya mifumo inayowafanya maskini. Sioni cha kumkejeli. Lakini tazama mfuatano. Mwaka 1972 halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa, ikaja Madaraka Mikoani. Mwaka uliofuata ikaamriwa kila mtu wa vijijini ahamie kijiji cha pamoja. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, kikiwamo KNCU ambacho wakulima wa kahawa wa mlimani walikuwa wamekijenga tangu miaka ya 1930 na kujichagulia viongozi wake. Kahawa ya mkulima na sauti ya mkulima vilitoka kwa mlango mmoja. Anayezeeka huku anakumbuka kilichofuata: duka la kaya, foleni, na kipande cha sabuni kinachokatwa kwa uzi ili kiwatoshe wengi. Mwaka 1982 Bunge la chama kimoja lenyewe lilipitisha sheria za kurudisha serikali za mitaa na ushirika. Nia njema haikuwa na mtu wa kuikatalia mapema.

Na wale waumini wa Yerusalemu? Petro alimwambia waziwazi Anania, mmoja wao aliyeuza shamba akadanganya kuhusu bei yake, kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na fedha ilikuwa yake baada ya kuuza. Kilichomponza ni uongo. Angeweza kuinamia viatu vyake.

Ila kipimo hiki kinakata pande zote mbili, na mabepari wasishangilie. Papa Leo XIII aliitetea mali binafsi katika waraka wake wa mwaka 1891, na humohumo akasema mshahara hauwi wa haki eti kwa sababu mfanyakazi ameukubali, ikiwa kilichomkubalisha ni njaa. Mama anayesaini mkopo wa riba kali uitwao kausha damu saa mbili usiku, mtoto yuko wodini, hakukubaliana na mtu. Wanaosema soko lisiguswe wanamtetea Ahabu mwenye noti badala ya Ahabu mwenye muhuri. Kwa hiyo sheria ya riba, bima ya afya na ushirika wenye nguvu kwangu si maadui wa soko. Ndivyo vinavyompa yule mama uwezo wa kuusukuma mkataba kando.

Kura nayo inanunulika. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kisheria mwaka 2000, na ilikuwa 2006 Mahakama Kuu ilipoibatilisha. Kura pia inaweza kubaki jina tu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, vingi kwa kupita bila kupingwa. Neno hilo lingempendeza sana Ahabu.

Usharikani kwetu wazee wa kanisa huchaguliwa kwa karatasi za siri zinazohesabiwa mbele ya watu. Safari iliyopita mfadhili aliyetutolea mabati ya paa aligombea, akashindwa na mama anayeuza ndizi stendi. Alikaa kimya benchi ya mbele hadi matokeo yalipomalizika kusomwa. Jumapili iliyofuata alikuwapo mnadani, na trei ya kwanza ya mayai aliinunua yeye.