MUME NAYE APIMWE

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maneno hayo yawahusu hasa wanaume ambao, mke asiposhika mimba, humpeleka kwa mganga huyu na daktari yule, ilhali wao wenyewe hawajakanyaga mlango wa maabara. Yafaa ieleweke ya kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume naye ana sehemu yake. Si haki mke apewe talaka kwa jambo ambalo halijapimwa.

Siku hizi husikika habari za kipimo cha kutazama kama mbegu za kiume zinaharibiwa na oksijeni. Jambo lenyewe ni la kweli. Oksijeni itumikapo mwilini huzaa chembechembe kali ambazo, zikizidi, huzila mbegu kama kutu ilavyo chuma: huharibu utando wake, hupunguza mwendo wake, na huweza kukata nyuzi za urithi zilizo ndani yake. Mtaalamu John MacLeod aliandika juu ya madhara ya oksijeni kwa mwendo wa mbegu tangu mwaka 1943. Chembechembe hizo huongezwa na moshi wa sigara, maambukizo ya njia ya uzazi, na mishipa iliyovimba juu ya korodani.

Katika kipimo hicho, manii hutiwa dawa itoayo mwanga hafifu ikutanapo na chembechembe hizo, na mashine huupima mwanga huo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha uchunguzi wa manii cha mwaka 2021, halikukiweka miongoni mwa vipimo vya msingi, bali miongoni mwa vile ambavyo zaidi ni vya utafiti. Kwa hiyo asianze nacho mtu.

Kipimo cha kwanza ni kile cha darubini. Mume akae siku 2 mpaka 7 bila kutoa manii, kisha ayatie katika chombo safi alichopewa na maabara. Yachunguzwe kabla ya saa 1 kupita, wala yasipigwe na jua wala baridi. Mpimaji hutazama wingi wa mbegu, mwendo na umbo lake. Kipeo cha chini kilichowekwa ni mbegu milioni 16 katika mililita 1, na 42 katika kila 100 ziwe zinatikisika. Aliye chini ya hapo asikate tamaa, kwani kipeo si hukumu. Mbegu huchukua takriban miezi 2 na nusu kukomaa, na homa kali ya juzi yaweza kuzipunguza. Hivyo jibu baya hapana budi lirudiwe. Zikionekana chembe nyeupe za damu zaidi ya milioni 1 katika mililita, daktari atatafuta maambukizo.

Jihadharini na wauzao vidonge vya kuondoa kutu hiyo. Mwaka 2020 yalitangazwa Marekani majibu ya majaribio mawili: vitamini, zinki na dawa za namna hiyo hazikuwafaa waume kuliko vidonge visivyo na dawa. Afadhali mshahara ubaki nyumbani, na sigara iachwe.

Tena, ndugu askari, hesabu vema. Madaktari huanza uchunguzi baada ya mwaka 1 wa kukutana bila kinga, au miezi 6 ikiwa mke amepita umri wa miaka 35. Aliyekaa miezi 8 mpakani asimlaumu mwenzake kwa mwaka huo. Apatapo likizo, waende hospitali wote wawili, wasikilize majibu pamoja, na majibu hayo yawe siri ya nyumba yao. Si habari ya kambini wala ya mashemeji.