Uzito wa Wimbo wa Mzaha

Wimbo wa mzaha katika filamu za Kihindi za zamani mara nyingi huhesabiwa kuwa kiburudisho cha kupunguzia watazamaji uzito wa kisa, lakini makala hii inatetea hoja kwamba mzaha huo ni kazi ya ufundi, na kwamba mvuto wake hutokana na kukitwaa kitu cha kazi, au sauti ya watu wengine, na kukigeuza kuwa mchezo wenye kanuni zake.

Mfano ulio wazi ni "Ek Ladki Bheegi Bhaagi Si", wimbo wa filamu ya Chalti Ka Naam Gaadi ya mwaka 1958, uliotungiwa muziki na S. D. Burman na maneno na Majrooh Sultanpuri. Fundi wa gereji anamtania mwanamke aliyelowa mvua, ambaye gari lake limeharibika usiku, na vyuma vya kazi vinagongwa hadi vinakuwa ala. Kwa desturi ya filamu hizo, mwimbaji hurekodi sauti studioni na mwigizaji husogeza midomo tu mbele ya kamera; hapa Kishore Kumar aliyafanya yote mawili, ndiyo maana utani wa sauti na utani wa uso haupishani hata kidogo. Mtazamaji wa Zanzibar au Dar es Salaam asiyejua Kihindi aliweza kuufuata mchezo huo kwa macho na kwa mapigo.

Mwambao wa bahari haukuishia kutazama. Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa, alijulikana sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, kazi inayodai mizani na vina vikae sawasawa juu ya sauti isiyotungwa kwa ajili ya mashairi hayo.

Mwambao wa Ziwa Nyasa nao una ushahidi wake, tena usiohitaji jumba la sinema. Chiwanda, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imo katika ukanda wa mganda, ngoma ya wanaume iliyotokana na mkondo wa beni, yaani ngoma zilizoiga bendi na gwaride la askari wa kikoloni. Katika malipenga, ngoma ya jamii hiyo hiyo ng'ambo ya Malawi, mlio wa tarumbeta hutolewa kwa kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Amri ya askari imekuwa hatua ya ngoma, na hatua hiyo haichezwi ovyo: mstari ukipinda, mchezo umeharibika.

Kwa hiyo kuiga si upungufu wa ubunifu, wala kuchekesha si upungufu wa sanaa. Mhakiki anayeyapima mashairi ya huzuni kwa mizani na vina anapaswa kuupima mzaha kwa ukali ule ule, akiuliza ni nini kilichotwaliwa, kimebadilishwa vipi, na ni ustadi gani uliofanya kazi ngumu ionekane nyepesi.