Chumvi si Moja: Walimu Tuyatenganishe Maneno

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mimea hunyauka katika udongo wa chumvi, aghalabu hujibu: “Kwa sababu ya chumvi.” Jibu hilo si kosa, lakini halielezi kitu. Neno chumvi limebeba mizigo inayopingana. Mkulima huilaumu chumvi kwa kuyaua mahindi yake, kisha huenda dukani kununua mbolea ya chumvichumvi ili ayafufue!

Ukweli ni kwamba zipo elementi mbili zinazofanana mno, sodiamu na potasiamu. Zote zilitengwa na mwanakemia Mwingereza Humphry Davy mwaka 1807. Sodiamu imo katika chumvi ya mezani na katika magadi; potasiamu imo katika majivu ya kuni. Potasiamu huamsha vimeng’enya zaidi ya 50 vya mmea, na huongoza kufunguka na kufungika kwa matundu ya majani. Sodiamu ikizidi udongoni, hupenya mizizini kwa milango ile ile ya potasiamu, ikakalia nafasi yake bila kuiweza kazi yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Isitoshe, chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kuvuta maji, mmea ukaona kiu katika udongo uliolowa.

Mimea haistahimili sawasawa. Mavuno ya maharagwe huanza kupungua chumvi ya udongo ifikapo desisimensi 1 kwa mita, ya mahindi 1.7, ilhali shayiri huvumilia hadi 8.

Je, tuwashauri wakulima wamwage potasiamu ovyo? La hasha! Mbolea yake nayo ni chumvi, na majivu huzidisha ukali wa udongo wenye magadi. Potasiamu ya kiasi husaidia, lakini kwanza sharti mifereji ya kutolea maji ichimbwe, maji baridi yaioshe chumvi, na jasi itiwe pale sodiamu ilipoushika udongo.

Mambo haya hayafundishiki kwa neno moja. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima. Husoma sayansi kwa Kiingereza, kisha hurudi nyumbani wakiwa na neno “chumvi” tu la kumpa mzazi. Walimu wa Kiswahili na wa Kilimo hawana budi kushirikiana, ili sodiamu, potasiamu na magadi yawe maneno ya kawaida kinywani mwa mwanafunzi. Atakayeyapambanua darasani ndiye atakayemwokoa mzazi wake asipoteze fedha kwa mbolea isiyofaa.