Krishna yumo kwenye bembea, dada yake yuko wapi?

Kila mwaka, Agosti au mwanzoni mwa Septemba, usiku wa nane tangu mwezi uanze kupungua, Wahindu wanaomcha Krishna hushinda na njaa hadi saa sita za usiku. Ndiyo saa wanayoamini alizaliwa, ndani ya gereza la mji wa Mathura, kaskazini mwa India. Sikukuu hiyo, Janmashtami, magazeti hupenda kuipamba kwa picha za rangi na vyungu vinavyovunjika, na mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu ina hoja nzito kuliko picha hizo. Ni sikukuu ya ulezi. Mungu amekuja akiwa mtoto mchanga, kwa hiyo usiku ule muumini aliyezoea kuomba ulinzi ndiye anayetakiwa kulinda. Tukiikubali maana hiyo, basi haki ya kuihukumu Janmashtami tunayo kwa kigezo chake yenyewe: inawatendeaje watoto? Na hapo ina madeni mawili. Kuna binti aliyebadilishanwa na Krishna, akawekwa mahali pake, usiku uleule wa kuzaliwa kwake, na kuna mtoto anayepandishwa juu ya mabega ya wenzake huko Mumbai ili avunje chungu cha mtindi.

Kwamba ni sikukuu ya ulezi, ushahidi uko kwenye vitendo. Sanamu inayowekwa mbele ya watu usiku huo haina upinde wala mkuki; ni ya mtoto anayetambaa, mkononi kashika bonge la siagi. Huoshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, ikafutwa, ikavishwa nguo mpya zilizoshonwa kwa kipimo chake, kisha ikalazwa kwenye bembea ndogo yenye kamba. Watu hupokezana kamba ile, kila mmoja akaivuta kidogo, huku nyimbo za kubembeleza zikiendelea. Katika nyumba nyingi za Uttar Pradesh hutafutwa tango lenye kikonyo chake, na saa sita ikigonga kikonyo kile hukatwa: ndio kitovu cha mtoto. Kinachogawiwa baadaye ni unga wa dania uliokaangwa kwa samli na kutiwa sukari, wa jamii moja na vyakula anavyopewa mwanamke aliyejifungua, kama pwani yetu inavyompikia mzazi uji wa pilipili manga. Kusini, katika jimbo la Tamil Nadu, akina mama huchora nyayo ndogondogo kwa unga wa mchele kutoka mlangoni hadi mahali pa ibada, ili mtoto asipotee njia ya kuingia ndani. Na kule Nathdwara, Rajasthan, ambako sanamu mashuhuri ya Krishna ilihamishiwa mwaka 1672 kwa kuuhofia utawala wa Aurangzeb, mfalme wa Kimughal, ulezi wenyewe haungoji sikukuu. Mara nane kwa siku pazia hufunguliwa watu wamwone: kaamshwa, kavishwa, kalishwa, kalazwa.

Wapo wanaoona haya yote ni mchezo wa kitoto, tena wa gharama, maziwa yakimwagiwa sanamu katika nchi yenye watoto wenye njaa. La gharama lina jibu jepesi: mchanganyiko ule hukingwa na kugawiwa, watu wakaunywa. La utoto lahitaji kufikiriwa zaidi. Muumini hadanganyiki kwamba sanamu ya shaba inasikia baridi. Anachofanya ni kujizoeza, kwa mikono yake, kumshughulikia asiyeweza kujitetea. Tena angalia mama anayesifiwa zaidi. Aliyemzaa Krishna ni Devaki, lakini ushairi wa Surdas, mshairi mkubwa wa lugha ya Braj wa karne ya 16, humrudia Yashoda, mke wa mfugaji wa ng'ombe aliyemlea, akimkemea kwa wizi wa siagi na kumfukuza uani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wahindu wa Braj, eneo la Mathura, wameijengea kauli hiyo ibada nzima.

Sasa turudi kwenye kisa, maana deni la kwanza limo humo. Kamsa, mfalme wa Mathura, aliambiwa na sauti ya mbinguni kwamba mtoto wa nane wa Devaki, dada yake, ndiye atakayemuua. Akamfunga Devaki pamoja na mumewe Vasudeva, akawaua wachanga wao sita mmoja baada ya mwingine. Mjomba, huyo, ambaye kwa desturi zetu na zao angekuwa kimbilio la watoto wale. Wa saba aliokolewa kwa kuhamishiwa tumbo la mke mwingine wa Vasudeva. Alipozaliwa wa nane, minyororo ilifunguka, walinzi wakasinzia, na Vasudeva akamchukua mwanawe akauvuka mto Yamuna uliofurika hadi kijiji cha Gokul. Msomaji aliyekua na habari za Musa na Firauni, au za Yesu na Herode, ataona yuko karibu na nyumbani. Ila kisa hiki kina kipande ambacho vile havina. Gokul, usiku huohuo, Yashoda alikuwa amejifungua binti. Vasudeva alimlaza Krishna kando yake, akamchukua binti, akarudi naye gerezani.

Bhagavata Purana, kitabu ambacho simulizi hii husomwa humo, kina mambo mawili hapa ambayo wasimuliaji wa sikukuu huyapita mbio. La kwanza, Yashoda alikuwa hoi kwa uchungu, hata hakujua kama amezaa wa kiume au wa kike. La pili, Kamsa alipokuja kumchukua yule mchanga, Devaki alimkumbatia na kumsihi kaka yake amwachie huyu angalau, ni mtoto wa kike. Hakuwa wake, wake alikuwa salama ng'ambo ya mto. Mfungwa aliyekwisha kuzika sita alisimama kumtetea mtoto wa mwanamke ambaye hayupo. Ukiniuliza kitendo kikubwa cha ulezi katika usiku mzima wa Janmashtami, nitakuonyesha hicho, wala sitakwenda kwenye mto uliofurika. Kamsa hakusikia. Alimnyakua binti kwa miguu ampige kwenye jiwe. Akamponyoka, akapaa akiwa mungu wa kike mwenye mikono minane, akamwambia kwamba muuaji wake keshazaliwa kwingineko.

Najua jibu la makuhani, na si jibu dogo. Watasema binti yule hakusahauliwa: ni Yogamaya, nguvu ya kimungu iliyoupanga usiku wote, na mamilioni humwendea katika hekalu la Vindhyachal karibu na Mirzapur, penye mto Ganga. Watasema hakuumia, na kwa hiyo hakuna wa kulilia. Sawa. Lakini kutukuzwa ni jambo moja na kubembelezwa ni jingine. Krishna naye ni Mungu kwao, tena Mungu mkuu, na bado wanamvuta bembea. Kwa nini mvulana apewe yote mawili, utukufu na mapaja ya kulalia, na msichana aruke moja kwa moja kutoka jiwe la Kamsa hadi madhabahuni bila kupita mikononi mwa mtu? Swali hili si la kiteolojia tu. India ilipitisha mwaka 1994 sheria ya kukataza kupima jinsia ya mimba, kwa sababu mimba za kike zilikuwa zikitolewa. Sensa ya mwaka 2011 bado ilikuta, kwa watoto wa chini ya miaka saba, wasichana wasiofika 920 kwa kila wavulana 1,000. Sidai kwamba Janmashtami ndiyo iliyosababisha hayo. Mahari, urithi na mashine za kupiga picha tumboni vina lawama kubwa kuliko nyimbo. Ninachodai ni kwamba dini yenye kisa cha mama anayemsihi mfalme asimuue mtoto wa kike imekalia silaha isiyoitumia.

Deni la pili liko barabarani. Siku inayofuata, Mumbai na Thane hujaa vijana wanaopanda mabegani mwa wenzao kukiendea chungu kilichotundikwa juu kwa kamba, kuukumbuka utundu wa Krishna na siagi ya majirani. Mchezo huu umelelewa na mitaa ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kama Lalbaug na Parel, na una uzuri wake: hakuna anayepanda bila kubebwa. Kisha wanasiasa wakaja na majukwaa, spika na zawadi za fedha nyingi, na vyungu vikapanda. Mwaka 2012, huko Thane, kikosi kimoja kiliweka rekodi ya dunia kwa ngazi tisa, zaidi ya mita 13. Ngazi ya juu kabisa huhitaji mtu mwepesi, na mtu mwepesi ni mtoto. Mahakama Kuu ya Bombay iliamuru mwaka 2014 kwamba aliye chini ya miaka 18 asishiriki na mnara usizidi futi 20. Shauri likapanda na kushuka, na mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ikashusha umri hadi miaka 14 na kuondoa kikomo cha urefu baada ya serikali ya jimbo kuahidi ulinzi. Mwaka 2022 serikali hiyo ikautambua kuwa mchezo rasmi wa kijasiri.

Wanaoutetea husema hizi ni mila, na kwamba mahakama inawaonea maskini sikukuu yao wakati matajiri wanaruhusiwa kupanda milima. Nawaelewa, na sitaki mchezo ufutwe. Lakini urefu wa ngazi tisa si mila ya Krishna, umefuata zawadi. Katika kisa, mtoto hupanda juu ya wenzake kwa sababu ana tamaa ya siagi, na mama akimkuta anamshusha. Mnara wa Thane umempoteza yule mama. Kofia ngumu na kamba ya usalama ni mwanzo mzuri, lakini kwa umri kigezo cha miaka 18 kilikuwa sahihi.

Pengine mtu ataniuliza haya yananihusu nini mimi au wewe, tusio Wahindu. Raskhan alikuwa Mwislamu, akaandika mashairi ya kumpenda Krishna, na kaburi lake liko karibu na Gokul hadi leo. Maulana Hasrat Mohani, mpigania uhuru, naye alikuwa akimtungia Krishna mashairi na kwenda Mathura. Na sikukuu hii ina mizizi ya zamani kwetu: Wabhatia wa Kutch waliofanya biashara Unguja tangu karne ya 19, akina Jairam Shivji ambaye kampuni yake ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani, walikuwa watu wa Krishna, wengi wao wakiishi huku bila wake na watoto wao. Leo bembea huvutwa katika mahekalu ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Mahekalu haya ya ugenini yana nafasi ambayo Mumbai haina, kwani hakuna mwanasiasa anayegombea chungu chao. Tena taratibu za Janmashtami zimekuwa zikitofautiana kila mahali, nyayo za unga huku, tango kule, mizinga ya saa sita za usiku Nathdwara, na hakuna aliyeitwa mkengeufu kwa hilo. Kuweka bembea ya pili kando ya ile ya Krishna, yenye mtoto wa kike ndani yake, hakuhitaji kitabu kipya; kitabu kilichopo kinamtaja. Kuhani atakayekataa itambidi awaeleze akina mama waliokaa na njaa tangu asubuhi kwa nini Devaki alimsihi Kamsa.